Muchanga Niliokaanga kwa Ajili ya Reli za Papa Cirhuza

Jumapili iliyopita, kisha misa, mulikuja kwangu Cimpunda muko wanne, suruali zimepigwa pasi, simu mukononi. Niliwapa chai. Mukaniambia munatengeneza mashini yenu wenyewe, yenye kuongozwa na ordinateur, kompyuta, ya kukata mbao na aluminium, na reli zake munataka kuzisawazisha kwa rezini. Mukanipa vipimo, halafu mukaniuliza: "Maman Magasin, tununue litre ngapi?" Nilipofungua kinywa tu, mvua ikaanza kupiga mabati, mukaogopa matope ya kilima chetu, mukakimbia. Basi chai yangu mulikunywa na jibu hamukulibeba. Nawaandikia leo, na mutasoma mpaka mwisho, maana litre ngapi ni kitu cha mwisho mutu anauliza.

Musidhani naongea hewa. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa magasinière, mutunza stoo na mununuzi, katika atelier moja ya mekanika kule Kadutu. Wanaume walikuwa na nyundo na étau ya kubania chuma, miye nilikuwa na funguo za stoo. Hakuna boulon iliyotoka bila miye kuiona, na hakuna kitu kilichoingia bila miye kukinusa. Ndiyo, kukinusa. Mafuta ya moteur yaliyochanganywa na mawese niliyajua kwa pua. Wakati wa vita vitu vilikuwa vinatoka mbali na kupita mikono mingi, na pua yangu ilifanya kazi kuliko mizani. Najivuna? Najivuna kabisa. Nimezeeka, magoti yananiuma, mutaniachia hata hicho.

Muzee aliyenifundisha mambo ya rezini ni Papa Cirhuza, ajusteur wetu, fundi wa kulinganisha vyuma. Masikio yake yalikuwa yamekufa nusu kwa kelele za mashini za kusaga mawe kule Luhwindja, kwenye dhahabu, alikofanya kazi ujana wake. Nasema nusu kwa sababu ile nusu ingine ilikuwa na akili yake. Ukimuambia habari nzuri, chakula kiko tayari, mushahara umefika, anasikia mara moja hata kama uko upande wa pili wa parcelle, ule uwanja wetu. Ukimuambia kazi yake imepinda, anaweka mukono kwenye sikio: "Unasema?" Unarudia. "Unasema?" Unarudia tena, mpaka unachoka na kwenda zako. Tulimucheka sana, na alijua tunamucheka.

Kule Luhwindja aliona mafundi wakimwaga rezini chini ya moteur kubwa ili zikae sawa. Alitueleza hivi: chuma unachookota hapa Bukavu kimepinda, na hatuna mashini ya kukinyoosha. Lakini kitu cha majimaji kinajisawazisha chenyewe. Wewe fundi unajenga tu kaukuta pembeni ili kisikimbie, unamwaga, unaacha kigande. Ukiwa na reli mbili, unaziunganisha kwa kamufereji kadogo, ili ile rezini iwe ziwa moja. Hapo reli ya kushoto na ya kulia zitakuwa na usawa mumoja, hata kama chuma cha chini ni mubaya namna gani. Nilimuuliza kama ni ukweli ama ni hadithi za Luhwindja. Akasema: "Unasema?"

Sasa nawaambia siku tulipolazimika kujua kama ni ukweli.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Congo. Bukavu ilikuwa imefungwa, Kinshasa ilikuwa kama inchi ingine, na barabara za kutoka mujini zilikuwa siku moja zinafunguka, siku tatu zinafungwa. Asubuhi moja Maman Jacqueline akaingia atelier, viatu mukononi, miguu yote matope. Alikuwa accoucheuse, muzalishaji, kwenye maternité ndogo upande wa Nyangezi, mwanamuke mufupi, mwenye sauti ya kuamuru. Akaweka muzigo chini, akafungua kitenge. Ndani mulikuwa na culasse ya group électrogène yao, mashini ya kutoa umeme, ile ya silinda mbili.

Culasse ni kile kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya moteur. Ikipata moto kupita kiasi inapinda, na ikipinda hata unene wa unywele, moteur inatema maji na inakataa kuwaka. Hii ilikuwa imepinda. Na bila group, Maman Jacqueline alisema, hakuna taa ya kupasulia, hakuna mashini ya kuvuta damu. "Docteur iko anapasua bamaman na tochi," akasema. "Na ba-pile ya tochi nayo imeisha. Wiki ile ingine tulipoteza mumoja. Miye siwezi kurudia kuona vile."

Bisimwa, tôlier wetu, fundi wa kunyoosha mabati ya magari, alikuwa anagonga mulango wa camionnette. Aliacha kugonga. Bibi yake Nabintu alikuwa ametoroka mabomu ya mujini, ameenda kwa mama yake kule kule Nyangezi, na tumbo lilikuwa limekomaa. Mutoto wao wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, na docteur alisema wa pili naye atatoka vile vile. Bisimwa akamuuliza Maman Jacqueline neno moja tu: "Nabintu?" Akamujibu: "Mwezi huu. Kama si wiki hii, ni ile ingine." Bisimwa akaketi juu ya pneu ya gari, nyundo bado mukononi.

Mashini ya kunyoosha culasse ilikuwa moja mujini, kwenye garage moja kubwa, na ilikuwa imeibiwa wakati wa pillage, ule uporaji, moteur, reli na yote. Lakini Papa Cirhuza alikuwa ameanza kutengeneza ya kwetu: longeron mbili, yale machuma marefu ya chini ya kamyon iliyoungua, moteur ya umeme, jiwe la kusaga, na kagari ka kubeba lile jiwe lipite juu ya culasse kwenda na kurudi. Kilichobaki ni reli. Zile longeron zilikuwa zimepinda kwa moto, tumbo limeshuka katikati. Kagari kakipita juu yake, kangetengeneza culasse yenye tumbo vile vile.

Muzee akaniangalia. "Maman Magasin, nitafutie rezini."

Hapa musome polepole, maana ndiyo swali lenu.

Kwanza hesabu. Musihesabu kwa mita wala kwa milimita, mutapotea kwenye virgule. Geuzeni vipimo vyote kuwa desimita, urefu mara upana mara kina, na jibu litatoka litre moja kwa moja. Reli yetu: urefu desimita kumi na mbili, upana nane ya kumi ya desimita, kina sita ya mia, yaani milimita sita. Inatoka zaidi kidogo ya nusu litre kwa reli moja. Mbili pamoja na ule mufereji, litre moja na robo hivi. Upana muhesabu wa ndani ya ukuta, na ule ukuta muuweke mbali kidogo na pale reli itakapopita, kwa sababu rezini inapanda kwenye kingo kama maziwa kwenye kikombe. Ile sehemu ya kingo haina faida. Na muongeze ile itakayobaki kwenye ndoo. Hiyo ya kwenye ndoo musiikwangue kamwe: pale pembeni haikuchanganyika vizuri, ukiimwaga itakuachia doa lisiloganda.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Karatasi ilidhani longeron zetu zimenyooka. Nikawaambia: tupime kwa kumwaga kitu. Bisimwa akakimbilia ndoo ya maji. Nikamushika shati. Maji yanaingia kwenye kutu, yanajificha kwenye kona, na rezini ikikutana na unyevu inakuwa nyeupe na kubanduka. Mafuta ndiyo mabaya zaidi. Nikaleta muchanga wa ziwa, nikauosha mara nyingi, nikaupepeta kwa chekeche yangu ya unga, nikaweka sufuria pana kwenye makala ya moto mbele ya atelier, nikaanza kuukaanga.

Eee, watoto! Kadutu nzima ilipita pale. Wamaman wanaotoka soko walisimama na mabeseni kichwani. "Maman, vita imetufikisha wapi, sasa unakaanga muchanga?" Mwingine: "Usisahau chumvi!" Mwingine akauliza kwa huruma ya kweli kama nina watoto wangapi nyumbani, akataka kuniachia mihogo. Nilikoroga tu na mwiko wangu. Muchanga ulipokauka mpaka unateleza kama sukari, nikauacha upoe, tukaumwaga ndani ya ukuta wa reli, tukausawazisha kwa rula, tukaukusanya tena na kuujaza kwenye chupa kubwa za bia. Zilijaa mbili na kubaki. Ile tumbo ya longeron ilikuwa inakula zaidi kuliko karatasi ilivyosema. Bila ule muchanga, rezini ingetuishia njiani, na rezini haingojei uende soko urudi.

Basi nikaenda soko. Tonton Rangi, muuza rangi, alikuwa nayo, ameigawa kwenye bidon za mafuta ya kupikia, haina jina, haina karatasi. Nikamuambia: "Tonton, nionyeshe fût yake, pipa lenyewe."

"Juu ya nini? Rezini ni rezini, Maman."

"Miye sinunui maji ya rangi ya asali. Nataka kuona kile kilichoandikwa."

Alinung'unika, akaniongoza nyuma ya duka. Fût mbili, moja kubwa ya rezini, moja ndogo ya dawa ya kugandisha. Nikapangusa vumbi kwa kitenge changu na nikasoma: sehemu mbili za rezini kwa sehemu moja ya dawa, kwa ujazo. Nikafungua, nikanusa, nikachovya kijiti nikatazama inavyodondoka, ilikuwa safi, haina chenga. Watoto, nunueni kile kilichoandikwa kwanza, ndipo munanunua kilicho ndani. Tonton alikuwa na kiasi chetu na kijiko kidogo zaidi. Hiyo ilikuwa rezini yote ya Bukavu, na akisema imeisha, imeisha mpaka vita iishe.

Akanipimia. Halafu, nikiwa nafunga kitenge, akatabasamu, akachukua kachupa kengine ka dawa akanijazia. "Hii ni matabishi, Maman. Ju ya urafiki."

Munaijua desturi yetu. Ukinunua maharage, maman muuzaji anaongeza kofi moja juu. Ukinunua ndizi, unapewa moja ya mutoto. Muuzaji asiyetoa matabishi anasemwa mutaa muzima. Na kukataa matabishi ni tusi. Nilipokea, nikashukuru, na nilipofika atelier nikakaweka kale kachupa pembeni kabisa, nikawaambia wote: hii isiguswe. Rezini ya namna hii haijui urafiki. Ukiizidishia dawa haikauki haraka, haikauki hata kidogo.

Nikafanya jaribio kwenye kopo tupu ya sardine: vijiko viwili vya rezini, kimoja cha dawa, koroga polepole, acha mpaka kesho. Ndiyo sheria yangu, hata kama nimenunua kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Kopo ya sardine kwanza, reli baadaye.

Lakini Bisimwa hakuweza kungoja kesho. Na nitawaambia ukweli, hata sasa sijui kama ningekuwa yeye ningengoja. Yeye alikuwa mutu wa mastic ya magari, ile ya kuziba mabonde kabla ya rangi, na mastic ile ukiizidishia dawa inakauka mbio, unapiga rangi jioni ile ile. Alifanya hivyo maisha yake yote. Miye nilipotoka kwenda kununua mishumaa, akachota gobelet nzima, kikombe kizima cha rezini, akatia dawa ya kutosha na ile ya matabishi yote juu yake, akaanza kumwaga kwenye ncha ya reli ya kushoto. Alitaka tu tupate siku moja. Siku moja kwa Nabintu.

Kesho yake kopo yangu ya sardine ililia kama kioo nilipoigonga kwa ukucha. Ile ya Bisimwa kwenye reli ilikuwa laini, inanata, ukiweka kidole inabaki alama, ugali wa jana kabisa. Papa Cirhuza akaigusa, akanusa kidole. Bisimwa akaelewa. Akaanza kulia, mwanaume muzima mwenye mabega vile, akasema: "Nimemuua. Maman, nimemuua bibi yangu na haraka."

Nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni. Nilimupigia kelele yote niliyokuwa nayo, nikamuita kichwa ngumu, nikamuuliza kama matabishi alidhani ni sakramenti. Halafu nikamupa kitambaa na nikamuambia: "Sasa nyamaza, shika grattoir, kwangua mpaka chuma kionekane. Bado hujaua mutu."

Akakwangua asubuhi nzima. Papa Cirhuza na miye tukapima tena. Tulikosa gobelet moja, na gobelet ile haikuwa popote mujini. Tukikata kina, katikati ingejaa lakini kwenye ncha, pale longeron inapanda, ingebaki unene wa karatasi. Tukikata upana, reli ingekuwa kwenye kingo pale rezini inapopanda. Muzee alizunguka mashini, mikono mugongoni. Miye nilikuwa natazama chupa zangu za bia, zilizojaa muchanga, zimesimama juu ya dirisha.

"Papa," nikasema, "ile tumbo ya katikati inataka kujazwa tu. Haijali inajazwa na nini, mradi ya juu iwe rezini safi."

"Unasema?" Lakini safari hii macho yake yalikuwa yanacheka, na alikuwa ameshaenda kuchukua chupa.

Tukachanganya rezini kidogo na muchanga wangu mukavu, mwingi, mpaka ikawa nzito kama udongo wa kufinyangia, tukajaza yale matumbo ya longeron na kulainisha kwa mwiko. Ule muchanga ulikuwa umeoshwa, umepepetwa, umekaangwa, hauna tone la maji. Kazi niliyochekewa na soko zima sasa ilikuwa inashika nafasi ya rezini ambayo hatuna. Tukaacha igande siku nzima, tukaipiga papier-verre, karatasi ya musasa, tukaifuta vumbi. Hesabu ilipofanywa upya, rezini safi iliyobaki ilitosha, na ikabaki ile ya kuachwa kwenye ndoo. Sijawahi kufurahi kwa hesabu namna ile. Niliimba.

Kumwaga tulifanya mchana, jua likiwa wazi. Bukavu yetu ni baridi, na rezini ya baridi inatembea kama muzee anayetoka kulala, inashika hewa ndani yake. Kwa hiyo niliweka makopo ya rezini na ya dawa, yamefungwa vizuri, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikayafuta kabla ya kufungua. Mbao za ukuta nilizipaka mushumaa zisishikwe. Papa Cirhuza alisawazisha longeron kwa tuyau ya maji, ule mupira wa wamaçon, wajenzi wa nyumba. Bisimwa ndiye aliyekoroga. Nilimuchagua makusudi. Nikamuambia akoroge polepole, asipige povu, na alikoroga kama anabembeleza mutoto, jasho likimutoka puani, miye nimesimama karibu nikihesabu kwa sauti. Tukamwaga upande mumoja, tukaiacha itembee yenyewe, ipite mufereji, iende kuonana na reli ya pili. Ilipofika kule na kutulia, tuliona mabati ya paa yanaonekana ndani yake, yamenyooka. Tukatoboa mapovu kwa sindano yangu ya kushonea, tukafunika kwa bâche, turubai, bila kuigusa.

Sasa, rezini ikiwa bado maji, ukiitikisa inarudi. Ikishaganda, hata uipige haijali. Hatari iko katikati, wakati inaanza kuwa asali. Ukiitikisa pale, mawimbi yanabaki milele.

Pale pale katikati, kamyon ya askari ikaingia ndani ya parcelle, moteur inawaka, ikasimama mita chache kutoka kwenye ukuta wetu. Ressort yake, springi ya chini, ilikuwa imekatika. Ardhi ilikuwa inatetemeka, niliisikia kwenye nyayo. Bisimwa akanitazama na uso umekuwa wa majivu. Nikatoka nje. Nilitembea polepole, maana wakati ule hukujua askari ameamukaje.

"Chef," nikamuambia mukubwa wao, "zima moteur, tafadhali."

"Maman, likambo nini, shida gani? Iko na démarreur mubaya. Nikizima haitawaka tena. Noki noki, haraka, leta fundi."

Kumueleza rezini ingekuwa kupoteza wakati. Nikaangalia bomba la moshi, nikatikisa kichwa kama mutu wa bei. "Fundi wa ressort anafanya kazi moja, hawezi kutoka mpaka saa tisa. Na gasoil yako, chef, inaungua bure. Hapa mujini litre moja unaipata wapi leo? Zimeni, musukume kwenye barabara, kule kuna mutelemuko. Fundi akimaliza, itawaka kwa kutelemuka."

Akanitazama. Akatazama bomba. Neno la gasoil lilimuingia. Akazima, akatoa amri, na vijana wake kumi na bunduki mugongoni wakasukuma ile kamyon kutoka ndani ya parcelle, wakihema, wakiimba wimbo wa kazi. Mumoja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maman, mule ndani muko nini?" Nikamuambia: "Muko mama anazaa." Akavua kofia. Sikuona kama nimedanganya.

Ile ressort tuliitengeneza siku ile ile, nayo kamyon iliwaka kwa kutelemuka, kama nilivyosema.

Tulipoondoa bâche, reli zilikuwa zimelala. Papa Cirhuza akaweka niveau, pimamaji yake, akaigeuza, akaiweka tena, pande zote, hewa ikabaki katikati pale pale. Tukalaza lame, vipande virefu vyembamba vya chuma, juu, kagari kakapita bila kuruka. Culasse ya Maman Jacqueline tuliifunga chini yake, na courant, umeme wa muto Ruzizi, kwa bahati ilikuwepo, tukasaga polepole mpaka ikang'aa. Kujaribu usawa, Papa Cirhuza alitaka rangi ya kupaka kwenye kioo, na rangi hatukuwa nayo. Nikatoa rouge à lèvres yangu, rangi ya midomo, kwenye sac. Nikapaka kioo cha dirisha, tukakalisha culasse juu, tukaizungusha, tukaigeuza. Nyekundu ilikuwa imeshika kila mahali, hakuna doa jeupe hata moja. Bisimwa aliibusu culasse, akabaki na midomo yangu usoni, na Maman Jacqueline akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Wanaume hawakuweza kupita barrière ya askari, walikuwa wanakamatwa kubeba risasi. Maman Jacqueline akafunga culasse mugongoni kama mutoto kwa vitenge viwili, kichwa kimefunikwa, muguu wa mutoto umeigizwa kwa kitambaa kilichoviringishwa, akaondoka na wamaman wa soko. Bisimwa alimusindikiza kwa macho mpaka kona. Jioni ile tulisikia kwamba barabara imefungwa nyuma yao.

Swali lenu sijalisahau. Kwa reli zenu, vile mulivyonipa vipimo, karatasi itawaambia litre tatu na nusu. Nunueni nne, kwa muuzaji atakayewaonyesha fût, na mukipewa matabishi mushukuru na muyaweke kando. Mujaribu kwenye kopo ya sardine. Sufuria ya kukaangia muchanga nitawaazima, imening'inia jikoni, haijawahi kupika tena chakula. Ile mashini bado iko Kadutu, nendeni muweke niveau yenu ya simu juu yake, munieleze.

Siku zile za barabara kufungwa hatukufanya kazi ya maana. Bisimwa alikuwa anagonga mulango ule ule wa camionnette, hata pale palipokwisha nyooka. Papa Cirhuza alikuwa anapaka mafuta mashini isiyokuwa na kazi. Halafu asubuhi moja mwanamuke wa ndizi akasimama mulangoni, beseni kichwani, hajatua hata muzigo. "Maman Jacqueline ananituma," akasema. "Anasema: taa iliwaka. Nabintu alipasuliwa jumatatu. Mutoto iko, mama iko."

Bisimwa aliketi chini kwenye mafuta, akashika kichwa. Miye nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Ni Papa Cirhuza peke yake hakusogea, kitambaa mukononi, karibu na reli zake. Akaweka mukono kwenye sikio.

"Unasema?"

Mwanamuke wa ndizi akarudia kwa nguvu. Taa iliwaka, mutoto iko, mama iko.

"Unasema?"

Nikaenda nikasimama mbele yake nimutukane kidogo, kwa sababu habari nzuri yule muzee hakuwahi kuikosa, hata kwa kunong'ona. Nikaona mashavu yake yamelowana. Basi nikamuegemea sikioni, nikamurudilia yote, polepole, neno kwa neno.